Nukta 188 za West Nile

Mtoto mwenye uvimbe wa taya alipofikishwa Hospitali ya Kuluva, kilomita chache kusini mwa mji wa Arua, mambo mawili yaliandikwa kwa uangalifu: nyumbani kwao ni wapi, na uvimbe ulianza lini. Kijiji na tarehe, basi. Walioongoza kazi hiyo ni Ted Williams na ndugu yake Peter, madaktari wa Africa Inland Mission. Lakini haikuwa kazi ya madaktari peke yao. Mzazi aliyetoka mbali alipima muda kwa misimu ya kupanda na kuvuna kuliko kwa kalenda, na kuigeuza misimu hiyo kuwa mwezi na mwaka kulihitaji mtu anayejua lugha yake na ardhi yake. Kwa nukta hizo za kijiji na tarehe, West Nile ikawa mojawapo ya sehemu za mwanzo duniani ambako nadharia ya grafu ilitumika kuuliza swali zito kuhusu ugonjwa wa binadamu.

West Nile ya siku zile ilikuwa wilaya moja yenye makao Arua. Eneo hilo lilipita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha Sudan, hadi Uganda ilipolipokea mwaka 1914. Kaskazini-magharibi kabisa ipo Koboko, nchi ya Wakakwa, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Wakati huo ilikuwa kaunti, ikawa wilaya kamili mwaka 2005. Upande wa mashariki na kusini-mashariki ardhi inateremka kwenye joto la bonde la Nile hadi Pakwach. Upande wa kusini-magharibi inapanda kwenye vilima vya Okoro, kwenye baridi na ukungu. Mpangilio huo wa mabonde na vilima una uzito katika habari hii.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto mmoja wa kiume wodini Mulago, Kampala. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye Burkitt akamkuta mtoto mwingine wa namna hiyo hospitalini Jinja. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walimfanya aanze kupekua daftari za wagonjwa. Mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani hiyo ya taya kwa watoto wa Afrika, na leo ulimwengu wa tiba unaiita limfoma ya Burkitt.

Swali lililomsumbua lilikuwa la ramani. Kwa nini wagonjwa wapo huku na kule hawapo? Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na Ted Williams wa Kuluva na daktari mwingine, Cliff Nelson, ndani ya gari la Ford lililokwisha kutumika. Williams alikuwa hodari wa kutengeneza magari, ujuzi ulioiokoa safari zaidi ya mara moja. Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000 hivi, wakipita katika hospitali zaidi ya 50 za mashariki na kusini mwa Afrika, wakionyesha picha za wagonjwa na kuuliza swali lile lile: je, mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Waliporudi walikuwa na ukanda ulioeleweka. Nchini Uganda ugonjwa ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoelekea kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe aliona kuwa kinachoongoza ni joto na mvua, wala si urefu wa mlima wenyewe. Na penye joto na mvua kuna mbu.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia London. Alitoka na wazo kwamba huenda kuna virusi. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wameviona kwa hadubini ya elektroni katika seli za uvimbe huo. Ndivyo tulivyopata jina la virusi vya Epstein-Barr.

Sasa fikiria hali ya mtu aliyekaa Kuluva. Anaambiwa huenda ugonjwa anaoutibu unaambukizwa, labda na mbu, labda na mate, labda na kitu kingine. Ramani yake ina nukta nyingi, lakini nukta peke yake hazimwambii chochote kuhusu maambukizo. Wagonjwa wengi wanaweza kutoka kaunti moja kwa sababu tu kaunti hiyo ina watu wengi. Wengi wanaweza kuja mwaka mmoja kwa sababu barabara ilitengenezwa mwaka huo. Ushahidi wa maambukizo, ukiwepo, haumo ndani ya mgonjwa mmoja. Umo kati ya wagonjwa wawili: waliokaa karibu, na wakaugua karibu.

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa hesabu ni George Knox wa Uingereza, mwaka 1964. Alichukua watoto 96 waliougua saratani ya damu katika majimbo ya Northumberland na Durham. Hakuwahesabu watoto, alihesabu jozi. Watoto 96 wanatoa jozi 4,560. Kati ya hizo, jozi 152 ziliugua ndani ya siku 60, na jozi 25 ziliishi ndani ya kilomita moja. Kama mahali na wakati havihusiani, jozi zinazotimiza masharti yote mawili zinatarajiwa kuwa 152 mara 25, gawanya kwa 4,560, yaani chini kidogo ya moja. Yeye alikuta 5.

Hapa ndipo grafu inapoingia. Sizungumzii ule mchoro wa mihimili miwili unaochorwa kuonyesha bei za mahindi. Katika hisabati, grafu ni nukta na mistari inayoziunganisha, na hakuna kingine. Elimu hii hutajwa kuanza mwaka 1736, pale Leonhard Euler alipothibitisha kwamba haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg kila moja mara moja tu. Alitupa urefu wa mitaa, upana wa mto na majina ya visiwa. Akabakiza nini kimeungana na nini. Kila anayeanza somo hili anapaswa kuzoea kwanza kitendo hicho cha kutupa, nacho ni kigumu kuliko hesabu zinazofuata, kwa maana unaamua kipi ni cha maana kabla ya kujua jibu.

Mwaka 1966 wanatakwimu wawili wa London, David Barton na Florence Nightingale David, walichapisha kazi juu ya kupishana kwa grafu mbili zilizochorwa kwa nasibu. Waliiona hesabu ya Knox kwa jicho jipya. Wagonjwa ni nukta. Chora mstari kati ya kila wawili waliokaa karibu: hiyo ni grafu ya kwanza. Juu ya nukta zile zile, chora mstari kati ya kila wawili waliougua karibu kwa wakati: hiyo ni ya pili. Kisha zilaze moja juu ya nyingine uhesabu mistari iliyopatana.

Tujaribu kwa mfano wa kubuni, wenye watoto sita. Watatu wanatoka Koboko, wawili eneo la Vurra, mmoja Pakwach. Jozi zote ni 15. Grafu ya mahali ina mistari minne: pembetatu ya Koboko, na mstari mmoja wa Vurra. Sasa tarehe. Mtoto wa kwanza wa Koboko aliugua Machi na wa pili Aprili. Wale wa Vurra waliugua Agosti na Septemba. Wa tatu wa Koboko aliugua mwisho wa Desemba, na yule wa Pakwach Januari iliyofuata. Grafu ya wakati ina mistari mitatu. Ukizilaza pamoja, mistari miwili inapatana: mmoja Koboko, mmoja Vurra. Inayotarajiwa ni 4 mara 3, gawanya kwa 15, yaani 0.8. Tumepata zaidi ya mara mbili ya matarajio.

Je, tutangaze maambukizo? Chukua zile tarehe sita uwagawie upya watoto wale wale, kwa kila namna iwezekanayo. Namna ziko 720. Ukizipitia zote utakuta 144 kati yake zinatoa mistari miwili iliyopatana. Maana yake, hata kama hakuna maambukizo yoyote, nasibu peke yake ingetuletea jambo hili mara moja katika kila tano. Kwa watoto sita hatuna ushahidi. Tuna shaka tu. Kuchanganya tarehe namna hii ndiyo njia iliyotiliwa nguvu na Nathan Mantel wa Marekani mwaka 1967, na inatumika hadi leo popote penye grafu inayoshukiwa kuwa na siri.

Ile pembetatu ya Koboko nayo ina uzito wake. Barton na David walionyesha kwamba kujua idadi ya mistari hakutoshi kupima jinsi nasibu inavyoyumba. Ni lazima ujue pia mistari inavyokutana: ni mara ngapi miwili inashikana kwenye nukta moja. Mji wenye wagonjwa wengi hufuma mistari mingi inayoshikana, na mfumano huo hubadilisha uwezekano wa mistari kupatana kwa bahati tu. Idadi ya mistari inayofika kwenye nukta ndiyo digrii ya nukta hiyo. Mtu anayetazama mfumo wowote mgumu, uwe wa umeme, wa biashara ya mpakani au wa ugonjwa, kisha akataja wastani bila kutazama digrii, atapotea.

Kuluva ikaingia katika hesabu hizi mwaka 1967. Malcolm Pike, mwanatakwimu wa London, pamoja na Ted Williams na Dennis Wright, mtaalamu wa magonjwa aliyefanya kazi Kampala, walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965. Mistari ilipatana kuliko nasibu inavyoruhusu. Watoto waliokaa jirani walielekea kuugua katika kipindi kimoja. Mwaka 1969 Williams na Pike, pamoja na mwenzao Spit, wakatoa ushahidi zaidi kutoka wilaya hiyo hiyo.

Ninaipenda kazi hii kwa uaminifu wake, na uaminifu huo unaonekana zaidi pale ilipokwama. Watafiti walihamia North Mara, Tanzania, mahali pengine penye wagonjwa wengi wa limfoma hii, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 1973 Brubaker, Geser na Pike walichapisha matokeo, nao wakasema waziwazi katika kichwa cha makala yao kwamba wameshindwa kupata ushahidi wa wagonjwa kujikusanya kwa mahali na wakati. Njia ile ile, ugonjwa ule ule, jibu jingine. Hata West Nile kwenyewe mkusanyiko haukuwepo kila mwaka. Ulionekana vipindi fulani na kufifia vingine.

Kuna maelezo zaidi ya moja, na mwanafunzi wa grafu afadhali ayajue mapema. Mistari inaweza kuchorwa na ugonjwa, lakini pia inaweza kuchorwa na jicho linalotazama. Gari la hospitali likifika kaunti fulani mwezi fulani, wagonjwa wa kaunti hiyo wataonekana mwezi huo. Watu wakiongezeka haraka upande mmoja wa wilaya kuliko mwingine, jozi za karibu zitaongezeka bila kuambukizana. Halafu kuna tatizo la kukaa kwa ugonjwa mwilini kabla ya kujitokeza. Ikiwa maambukizo hutangulia uvimbe kwa miaka, tarehe ya uvimbe haisemi ni lini mtoto alikutana na chanzo.

Tatizo hilo la mwisho ndilo lililomsukuma Pike na mwenzake Peter Smith, mwaka 1968, kuipa mistari mishale. Kwa kila mgonjwa waliweka kipindi ambacho angeweza kuambukiza wengine na kipindi ambacho angeweza kuambukizwa, na mahali alipokuwa katika vipindi hivyo. Mshale unatoka kwa mtoto wa kwanza kwenda kwa wa pili ikiwa kipindi cha hatari cha mmoja kinagusa kipindi cha udhaifu cha mwingine. Mshale wa kurudi unaweza usiwepo. Hiyo ni grafu yenye mwelekeo, na tofauti yake na ile ya kawaida ni kubwa: mistari isiyo na mishale inasema wawili hawa wanahusiana, mishale inathubutu kusema nani alitangulia.

Kujua nani alitangulia kwa uhakika, hata hivyo, hakukuwezekana kwa daftari za wagonjwa peke yake. Ilibidi kuwapima watoto kabla hawajaugua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilifungua kituo Arua, na kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu kidogo, damu ikahifadhiwa, nao wakafuatiliwa. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko hiyo hiyo. Uchumi ulikuwa ukiporomoka na vifaa vikipatikana kwa shida. Kwamba timu ile iliweza kupita kijiji kwa kijiji, kuandikisha na kurudi tena, ni jambo ninaloliheshimu kuliko hesabu yoyote iliyofuata.

Mwaka 1978 Guy de-Thé, Anton Geser na wenzao walitoa matokeo katika jarida la Nature. Kati ya watoto waliotolewa damu, 14 walikuwa wamepata limfoma ya Burkitt. Damu yao ya zamani ilipotolewa kwenye hifadhi, ilikutwa na kinga nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr, nyingine miaka kadhaa kabla ya uvimbe. Mtoto mwenye kiwango cha juu sana cha kinga hiyo alikuwa na hatari ya kuugua takriban mara 30 ya ile ya wengine. Virusi vilitangulia. Lakini virusi hivyo huwapata karibu watoto wote wa eneo hilo wangali wadogo, na huingia muda mrefu kabla ya ugonjwa, kwa hiyo haviwezi peke yake kueleza kwa nini majirani waugue katika miezi ile ile. Kuna kitu cha pili kinachofika baadaye, na kidole kilielekezwa kwa malaria. George Kafuko wa Entebbe na Burkitt walikuwa wameandika juu ya uhusiano huo tangu 1970. Tukirudi kwenye ramani, joto la bonde la Nile na baridi ya Okoro vinaanza kusema pamoja na mistari ya Pike.

Mwaka huo huo wa 1978 Williams, Smith na wenzao walikusanya miaka yote 15, 1961 hadi 1975, katika makala moja ya British Journal of Cancer. Mwaka uliofuata vita vya kumwondoa Amin vilifika. Kisha vikaja visasi vya 1980 na 1981, na sehemu kubwa ya watu wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan. Wilaya ambayo vijiji vyake viliwekewa nukta ilibaki na vijiji vitupu.

Hesabu zile hazikupotea. Barry Rowlingson na Peter Diggle wa Chuo Kikuu cha Lancaster walipotengeneza programu ya kuchambua nukta za ramani, iitwayo splancs, takwimu za West Nile ziliwekwa ndani yake. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta na lugha ya R, ambayo ni ya bure, anaweza kuzifungua. Ziko nukta 188. Hazina majina, zina mahali, tarehe na umri. Nukta 188 hutoa jozi 17,578. Wanafunzi wa takwimu duniani wamejifunzia juu ya watoto hawa, wengi bila kujua Koboko iko upande gani wa Arua. Na Kuluva yenyewe haikuachwa nje: utafiti wa EMBLEM, ulioanza mwaka 2010 katika Uganda, Kenya na Tanzania ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliwaandikisha watoto wa hapo pia.

Arua sasa ina Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013. Kwa mwanafunzi wa hapo anayetaka kuanza nadharia ya grafu, sijui mahali pazuri kuliko nukta hizi, na kuna kazi ambayo yeye anaiweza vizuri kuliko mtu wa Lancaster au Lyon. Hesabu za miaka ya 1960 zilipima umbali kwa mstari wa moja kwa moja, kana kwamba watu huruka. Vijiji viwili vilivyotenganishwa na mto usio na daraja vilihesabiwa jirani. Viwili vilivyokutanishwa na soko moja kila wiki, ng'ambo ya vilima, vilihesabiwa mbali. Achore grafu ya tatu: vijiji viwe nukta, njia na barabara ziwe mistari, kila mstari upewe uzito wa saa za kutembea. Atumie njia ya Edsger Dijkstra ya mwaka 1959 kutafuta mwendo mfupi kati ya kila wawili. Aondoe mistari inayokatika wakati wa mvua, na aulize wazee wa Vurra na Koboko ni ipi iliyokuwepo mwaka 1962. Kisha arudie hesabu ya Knox kwa saa za mwendo badala ya kilomita, aone kama mistari iliyopatana inaongezeka au inapungua.